Nguo ya Kubebea Matoleo

Tangu arudi kutoka hospitali ya Katana, Mama Carine alifanya kazi zote kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia ulifagia, ulichagua maharagwe, ulikoroga uji. Mkono wa kushoto ulikaa kifuani, umeshika ncha ya kitenge. Haukuwa mgonjwa, mkono ule. Ulikuwa mlinzi. Madaktari walikuwa wameondoa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, na mkono ulilinda mahali pale ili watu wasipaone.

Daktari alimwambia aunyooshe kila siku, usije ukakakamaa. Mama alitii, lakini alifanya hivyo chumbani, mlango umefungwa. Akitoka nje, mkono unarudi kifuani. Kwaya aliiacha. Misa aliiacha. Na bugali, ambao haukubali kusongwa kwa mkono mmoja, sasa alisonga Carine.

Carine alikuwa binti yake wa pekee. Alisoma ushonaji katika shule ndogo pale Nyalukemba, akiwa mwaka wa kwanza. Alikuwa na bidii, na alikuwa na ule ugonjwa wa wanafunzi wengi: akijifunza jambo moja, anadhani ameyamaliza yote.

Siku moja ndugu walikutana kupanga misa ya kumbukumbu ya Bibi, mama yake Mama Carine. Walichagua kitenge kimoja cha ukoo mzima, cha buluu chenye maua makubwa ya manjano. Katika ukoo wao, binti mkubwa wa marehemu ndiye anayebeba kapu la matoleo hadi altare. Binti mkubwa alikuwa Mama Carine. Wote walimtazama. Yeye alitazama chini.

Wageni walipoondoka, alisema, "Carine, utamuambia mama yako mudogo abebe matoleo. Mi sitaenda."

"Mama, wewe njo binti mukubwa! Bibi alikuwa mama yako."

"Najua. Lakini nikipita katikati ya kanisa, batu bataangalia wapi? Bataangalia hapa." Mkono wa kushoto ulibana kifua zaidi.

Carine alisikia uchungu. Alimpenda mama yake, na alijua jinsi mama alivyompenda Bibi. Akasema, "Nitakushonea nguo. Robe muzuri sana. Utaenda."

Mama alimtazama. "Shona," alisema. "Ikinifaa, nitaenda. Isiponifaa, tusiongee tena hii maneno."

Kwa hiyo Carine alishona. Wiki ile darasani walikuwa wamejifunza kwamba nguo nzuri ina usawa. Yeye alielewa hivi: kilichopo kulia, kiwepo na kushoto. Akakata kitenge kwa uangalifu, ua moja zima likae kifuani upande wa kulia na ua moja zima kifuani upande wa kushoto. Alizungushia maua yote mawili utepe unaong'aa. Alipopiga pasi alijisifu moyoni.

Mama aliivaa. Akasimama mbele ya kioo.

Ua la kulia lilijaa, likachanua. Ua la kushoto lilinywea. Kitambaa kilijikunja katikati yake, na utepe ule unaong'aa ukaonyesha vizuri kabisa kila mkunjo. Hata mgeni asiyejua habari za mama, angezijua palepale mlangoni.

"Tutaweka kitambaa ndani, ijae," Carine alisema haraka.

"Nilijaribu. Kwa hii milima yetu, ukipanda tu, inapanda nayo. Inafika kwa shingo." Mama hakucheka. Alivua nguo taratibu, akaikunja, akamrudishia. "Umeshona muzuri, mutoto wangu. Aksanti. Lakini sitaenda."

Carine alilia. Alijilaumu, kisha akamlaumu mwalimu, kisha akakilaumu kitenge. Kesho yake aliibeba nguo ile shuleni na kuitandaza mbele ya Madame Adélaïde, mwalimu wake. Akamweleza yote, na kuhusu titi pia.

Madame Adélaïde alimsikiliza hadi mwisho. Aliivalisha nguo ile kwenye sanamu ya kushonea, akamsogeza Carine hadi ukutani.

"Funga macho. Fungua. Jicho yako imeanza wapi?"

"Kwa maua ya kifua."

"Kiisha imeenda wapi?"

Carine aliangalia tena. "Haijaenda popote. Imebakia palepale."

"Njo vile. Kila nguo iko na mahali yenye inaita jicho. Tunaita ile mkazo. Mama yako alikuomba batu basiangalie kifua. Wewe ukaweka maua makubwa, ukaongeza na utepe ya kung'aa. Ni wewe mwenyewe uliita batu."

Maneno yale yalimchoma. "Lakini Madame, ulisema usawa. Kulia na kushoto."

"Nilisema usawa. Sikusema mapacha." Mwalimu alimvuta dirishani. Chini ya shule, mwanamke alikuwa akipanda mlima na bidoni ya maji mkononi. Mkono wake mmoja ulivutwa chini na maji. Mwili wake ulilala upande wa pili, na mkono mtupu aliutanua mbali. "Ule mama, iko naanguka?"

"Hapana."

"Pande zake ziko za kufanana?"

"Hapana. Huku kuko bidoni, huku kuko mukono tu. Ameutupa mbali."

"Sasa unaona. Mukono mutupu unaweza kushindana na bidoni nzima, kama uko mahali yake. Na kwa nguo ni vile. Kitu moja huku juu, kitu ingine kule chini, bisifanane hata, na jicho inasikia utulivu." Aliligusa ua la kitenge. "Na uangalie ukubwa. Hii ua iko sawasawa na sura ya mama yako, mwenye amekonda. Ukiweka ua karibu na sura, batashindana, na sura itashindwa. Ile tunaita uwiano. Ua mukubwa, umupeleke chini, kwa sketi, kwenye kuko nafasi."

Carine aliitikia kwa kichwa polepole. Mwalimu akauliza swali la mwisho, kwa sauti ya chini.

"Ulimupima mama yako?"

Carine alianza kunyoosha utepe wa nguo.

"Carine. Ulimupima?"

"Nilipima robe yake ya zamani. Ya mbele ya operesheni."

"Juu ya nini haukumupima yeye?"

"Madame, ni mama yangu. Ningemuambia avue?"

"Basi ulishonea mwanamuke mwenye haiko tena," alisema Madame Adélaïde. Hakusema kwa ukali. "Yule mwenye iko kwa nyumba, hauyamushonea bado."

Carine alirudi nyumbani kwa miguu, mvua ikimnyeshea. Alimkuta mama yake anachagua maharagwe. Mita ya kupimia ilikuwa mfukoni, na mkono wake uliishika bila kuitoa. Mwishowe akasema, "Mama, ile robe nilikosea. Sikukupima. Nataka nikupime leo. Vile uko."

Mkono wa kulia wa mama ulisimama juu ya ungo. Maji ya mvua yalidondoka nje. Kisha mama aliinuka, akafunga mlango, akashusha pazia.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Na mi nilishakuzaa. Kuya, unipime."

Akaondoa mkono kifuani. Akaacha kitenge kianguke.

Carine aliogopa kutazama, akatazama. Kovu lilikuwa mstari mmoja, kutoka kwapani hadi karibu na katikati ya kifua. Lilikuwa limenyooka kuliko mishono mingi ya mwaka wa kwanza.

"Iko mubaya sana?" mama aliuliza, macho ukutani.

Carine alitaka kusema uongo wa kumfariji, lakini uongo haukuja. "Mushono yake iko sawa, mama. Madame angemupatia daktari pointi zote."

Mama alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kisha kikageuka kilio, na Carine akamshika. Walilia pamoja, wakiwa wamesimama, mita ikining'inia kati yao. Baadaye Carine alifuta macho na kupima. Kutoka begani hadi kiunoni, upande wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Ndiyo maana kitambaa kilibaki na kujikunja. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo, nao walikuwa wamelizunguka kwa sababu ya aibu.

Alifumua nguo ya kwanza. Sketi aliibakiza, ilikuwa na ua moja zima chini upande wa kulia. Utepe alimpelekea mwalimu, kwani darasani kuna wenye kuuhitaji. Blauzi aliikata upya katika kitenge kilichobaki, akitafuta sehemu za buluu tupu, zisizo na ua. Kila upande aliupa kipimo chake. Kutoka bega la kushoto alishusha mikunjo laini, ikapita kifuani kwa mshazari hadi nyonga ya kulia. Mikunjo ile ilijaza upande wa kushoto bila kuweka kitu ndani, wala haikubana kovu. Juu kushoto kulikuwa na mikunjo, chini kulia kulikuwa na ua. Havikufanana, na hakuna kilichomshinda mwenzake.

Shingoni aliweka ukanda mwembamba wa manjano. Rangi hiyohiyo akairudia kwenye mikono na kwenye pindo la chini, ili jicho liwe na njia ya kupita na nguo iwe kitu kimoja.

Mama alipoivaa, Carine alimsimamisha mbele ya kioo. "Funga macho. Fungua. Jicho yako imeanza wapi?"

Mama alijitazama.

"Kwa sura," alisema. "Carine, nimekonda hivi?"

"Tutakula, mama."

Siku ya misa, kanisa lilijaa kitenge cha buluu. Wakati wa matoleo ulipofika, wanawake walisimama wakaanza kuimba. Kapu lilikuwa zito, lina maharagwe, ndizi na mikate. Mama Carine aliinama, akalishika kwa mikono miwili. Alitembea katikati ya kanisa, hatua kwa hatua, akiimba. Watu walimtazama. Carine alifuata macho yao kama alivyofundishwa, akaona yanapanda kwenye ukanda wa manjano na kutulia usoni pa mama yake.

Padri alipokea kapu. Sasa mikono ya mama ilikuwa mitupu mbele ya watu wote. Carine aliujua mkono ule wa kushoto, akaungoja urudi kifuani.

Mama aliinamisha kichwa mbele ya altare. Akageuka. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshuka ubavuni, imelegea. Alitembea hivyo hadi kwenye kiti chake.

Jioni Carine aliweka sufuria ya maji motoni na kuchukua mwiko. Mama aliingia jikoni, ameshabadilisha nguo, amevaa blauzi yake ya kila siku.

"Toka pale, mutoto," alisema, akanyoosha mikono miwili. "Leo bugali nasonga mimi."