Bomba la Berto

Haya nilisimuliwa na Ising, mke wa Berto mzamiaji, siku ya tisa ya matanga, huku akipepeta mchele. Mimi sikutia chumvi.

Redio ilikoroma sikioni mwa Abrenica.

"Chaza, umeiona sumu?"

Chaza ndilo jina lake la siri. Akakohoa mara moja: bado.

Abrenica, jasusi wa serikali, alikuwa kwenye mashua ya Kulas, nje ya kisiwa cha Bohol, amejifanya mnunuzi wa samaki wa mapambo kutoka Manila. Miwani ya Ray-Ban. Bastola ya Glock chini ya sketi. Mbele yake beseni la visamaki vya buluu vyenye mikia ya njano, mia nzima.

Vimetulia tuli.

Visamaki hivyo vikiwa vizima huumana hadi kuuana. Hivi vilivuliwa kwa sumu ya kulewesha. Lakini sumu yenyewe Kulas aliificha hata wazamiaji wake wasijue ilipo.

"Wapole samaki wako, Nong Kulas, kaka yangu. Niuzie na dawa. Wavuvi wangu wa Palawan wanaisubiri."

Kulas akacheka. "Inday, binti, kuna mtu amenichoma serikalini. Nitajuaje si wewe uliyetumwa?"

Chini, pima kumi na tano, Berto alikuwa akivuta hewa kwa bomba la plastiki lililotoka kwenye mashine ya mashuani, vyuma vya kumzamisha kiunoni. Ndiye aliyemwandikia Abrenica barua ya kumfichua Kulas.

Kulas akalikanyaga bomba.

"Mtu wa serikali atapiga kelele. Mnunuzi atahesabu samaki wake."

Bomba likatikisika mara tatu: nivuteni.

"Nong, mume wangu huyo!" Ising, aliyekuwa mashuani akilichunga bomba, akaangukia miguu ya Kulas. "Utaniulia mume!"

Akapigwa teke.

Abrenica akainamia beseni. "Moja. Mbili. Tatu."

Bomba likatikisika kwa nguvu. Kisha kidogo. Kisha basi.

"Endelea," alisema Kulas.

"Sitini na moja. Sitini na mbili."

Alipomaliza mia, Kulas aliinua mguu, akafungua pipa la maji ya kunywa. Lilikuwa na sakafu mbili. Chini yake, makopo ya vidonge vyeupe.

Glock ikatoka.

"Lala kifudifudi! Chaza hapa. Nimeiona. Njooni."

Boti ya doria ilifika upesi. Kulas akatiwa pingu. Berto akavutwa juu hana uhai, bado ameling'ata bomba.

"Bunduki ulikuwa nayo tangu mwanzo," Ising alisema.

"Nilikuwa nayo."

Abrenica akavaa miwani, akarukia boti ya doria. Hakugeuka.

Ising akamlaza mumewe, akamfuta chumvi usoni. Akalikunja bomba mizunguko mizuri, kama alivyolikunja kila siku ya kazi, akaliweka chini ya kichwa cha marehemu. Kabla mashua haijagusa mchanga, usingizi ulikuwa umemchukua Ising naye, ubavuni kwa aliyetangulia kulala.