Kutwa Mara Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanvita aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akampa bibi yake dawa. Mama yake alikuwa Kiwangwa akivuna mananasi. Bibi Biubwa, aliyeshikwa na homa ya mapafu, alikuwa mikononi mwa mjukuu huyu wa darasa la sita, naye alijiona mtu mzima hasa. Hata mwendo aliubadili.

Bahasha ya vidonge iliandikwa: "Kimoja, kutwa mara tatu." Kutwa, kwa watu wa Kaole, ni toka jua lichomoze mpaka lizame. Basi Mwanvita akampa bibi kidonge saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana wakati wa mapumziko ya shule, na saa kumi na mbili jioni, na kila saa akaiandika kwenye daftari.

Siku nne zikapita vile vile. Jioni bibi anataniana na majirani, alfajiri anatetemeka, kifua kimembana. Siku ya tano Mwanvita akaogopa kweli kuwa bibi atamfia. Akachukua daftari mbio mpaka zahanati, kwa mganga aliyetoa dawa zile, Bwana Mikidadi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mganga akalisoma daftari. "Umeandika vizuri. Toka asubuhi hadi mchana zinapita saa ngapi?"

"Sita."

"Mchana hadi jioni?"

"Sita."

"Na jioni hadi asubuhi?"

Mwanvita akahesabu kwa vidole. "Kumi na mbili," akasema kwa sauti ndogo.

"Hapo ndipo homa inapopata nafasi. Kutwa ya dawa ina usiku ndani yake. Nami nimekosa, sikukueleza. Gawa ishirini na nne kwa tatu."

"Nane."

Wakapanga pamoja daftarini siku zote zilizobaki: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku, na kuendelea, kila mstari ukiruka saa nane.

Alfajiri ya tatu bibi aliamka mzima, akaomba uji. Siku hiyo jioni akamketisha Mwanvita kando yake.

"Mke mwenzangu, ulinipenda tangu kidonge cha kwanza, na homa ikarudi. Mgonjwa hupendwa kwa saa zake, za usiku na za mchana. Na neno usipolielewa vyema, uliza. Umenisikia?"

 Mwanvita alikwishalala, kichwa pajani mwa bibi.