Ngazi Tisa za Duka la Dawa

Ofisi ya pasipoti ilikuwa imefurika tangu asubuhi. Watu walikaa kwenye mabenchi, waliokosa mabenchi wakaegemea kuta, na waliokosa kuta wakaegemeana. Kila mmoja alishika kikaratasi chenye namba, akakitazama, akakiangalia kibao cha taa nyekundu juu ya madirisha, kisha akashusha pumzi. Mkunga mstaafu alikuwa na namba mia moja arobaini na mbili. Kibao kilisoma tisini na nane.

Alivaa gauni la samawati lililomkaa vizuri kiunoni, kitambaa cha kichwa cha rangi hiyo hiyo, na miguuni raba nyeupe zile zile alizozivaa wodini, kwa sababu goti lake la kushoto lilikuwa limekataa viatu vingine vyote. Alikuwa na miaka sitini na moja, na katika umri huo hakuwahi kushika pasipoti.

Jirani yake benchini alikuwa mwanamume mrefu, mvi zake zimechanwa vizuri, shati lina mifuko minne na suruali imepigwa pasi hadi mkunjo wake ungeweza kukata sabuni. Mwanamume huyo akatoa futikamba mfukoni, akapima upana wa benchi, akaandika daftarini. Mkunga akanyamaza. Mwanamume akapima urefu wa benchi, Mkunga akanyamaza. Alipoanza kupima nafasi iliyobaki kati ya magoti yao na benchi la mbele, uvumilivu ukamwisha.

"Samahani, kaka. Unapima benchi au unanipima mimi?"

"Benchi, dada. Wewe sijapata ruhusa."

Alisema bila kuinua macho, na ndiyo maana Mkunga alicheka. Angeinua macho, angemtukana.

Mwanamume akajieleza kwamba alikuwa mpima ardhi, amestaafu miezi minane iliyopita, na mikono yake bado haijapata habari hiyo. Akamuuliza anasafiri kwenda wapi. Mkunga akakiri kwamba hajui. Mpima akafunga daftari lake polepole, akamgeukia mzima mzima.

"Hata mimi sijui," alisema.

Kumbe wote wawili walitaka kumalizia uzee wao nchi nyingine, na hakuna aliyekwisha kuichagua. Mpima alisema amevuka maelfu ya mipaka maishani, yote ameichora mwenyewe, na sasa alitaka kuvuka mmoja asioujua. Mkunga alisema amewapokea watoto elfu nne na ushee wakiingia duniani, na hiyo dunia yenyewe hajaiona. Wakazama katika mazungumzo. Waliposhtuka, kibao kilisoma mia moja arobaini na saba, namba zao zote mbili zimepita, na karani wa dirishani hakutaka kusikia hadithi ya mtu. Walichukua namba mpya, wakakaa tena pale pale, wala hakuna aliyelalamika.

Tangu siku hiyo simu ya Mkunga haikupoa. Mpima alipiga asubuhi kumuuliza goti limeamkaje, na alasiri kumsomea alichokipata kuhusu mvua za nchi fulani. Mkunga alimbandika jina la Mzee Futikamba. Yeye alijifanya kuchukia, lakini siku Mkunga alipomwita kwa jina jingine aliuliza kama amemuudhi. Wiki ya tatu, Mpima akikata simu, neno likamponyoka.

"Haya, kesho, mpenzi."

Mkunga akaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Umeniitaje?"

"Nimekuita ulivyosikia. Na sirudii, salio linaisha."

Mkunga alikaa kitandani, simu bado iko sikioni, akitabasamu mbele ya kabati.

Daftari la Mpima lilianza na nchi kumi na moja. Zilipungua hadi zikabaki tatu, nao wakazipa majina yao wenyewe: Visiwani, Kwenye Mvua na Milimani. Mpima alizipanga kwa joto, kwa umbali wa hospitali na kwa mwinuko wa barabara. Mkunga alilisoma jedwali lote, akalisifu kwa unadhifu wake, kisha akasema halifai. Alikuwa amekaa miaka thelathini na minane katika hospitali, na alijua jambo moja: hospitali haijulikani kwa jengo lake, inajulikana kwa mtu anayepokea simu. Kwa nini nchi iwe tofauti?

"Kwa hiyo tumpigie nani? Rais?"

"Duka la dawa. Mzee anaweza kuishi bila rais, bila vidonge hawezi."

Basi wakakaa mezani, simu katikati ya vikombe, spika imefunguliwa, wakapiga Visiwani. Ikapokea mashine. Ikawaambia wabonyeze moja, kisha nne, kisha ikawapigia muziki hadi salio likakata. Kwenye Mvua alipokea msichana mwenye sauti tamu, lakini Mkunga alipokuwa bado anatafuta neno la tatu la Kiingereza chake cha kuokoteza, msichana akakata. Milimani alipokea mwanamume mwenye sauti nzito, Kiingereza chake nacho kimeokotezwa huko huko kwao. Akamwambia Mkunga azungumze taratibu, yeye hana haraka, mvua imemkimbizia wateja. Kisha akauliza huko wanakopigia ni saa ngapi sasa, na jua linazama upande gani wa nyumba yao. Wakazungumza dakika ishirini. Walipomaliza, Mpima alichukua kalamu, akaitazama Milimani kwenye jedwali lake, ikiwa ya tatu kwa alama, akaipandisha juu bila kusema neno.

Mpima aliishi na binti yake ghorofa ya nne. Binti alikuwa mwalimu wa hesabu, hana maneno mengi, na mwanzoni alidhani safari ya baba yake ni homa ya kustaafu itakayopita yenyewe. Sasa alikwishaanza kumwita Mkunga "mama", kwa sauti ya chini, kama anayejaribu kiatu dukani.

Jumapili moja Mkunga alipanda ngazi za ghorofa hiyo, akipumzika kila kituo. Siku hiyo alikuwa na furaha iliyojaa kifuani. Jana yake alikuwa amenunua masanduku mawili ya safari, rangi moja, moja kubwa na moja la wastani, na alikuwa hajamwambia mtu. Binti alimkaribisha, akaenda jikoni kuchemsha chai. Mpima alikuwa bafuni ananyoa ndevu. Juu ya meza palikuwa na karatasi kubwa iliyoshikiliwa pembe nne kwa vikombe.

Ilikuwa ramani ya nyumba. Juu yake, kwa herufi nadhifu za mpima, paliandikwa: Nyumba ya Milimani. Chumba, sebule, jiko, kishikio kando ya vidato vya mlangoni. Kitanda. Meza.

Kiti kimoja.

Mkunga aliinama, akatazama vizuri. Mtu huyu alikuwa amechora hadi upana wa kizingiti. Hakusahau kitu. Kiti kilikuwa kimoja.

Miaka thelathini na minane Mkunga aliandaa kwa wawili. Mataulo mawili, vitambaa viwili, beseni mbili, hata mama akija peke yake usiku wa mvua. Mikono yake haikujua namna nyingine. Mpima alipotoka bafuni, kidevu kinang'aa, akanukia sabuni, alimkuta amekwishasimama na mkoba begani. Alisema goti limemzidi. Chai ilipofika mezani, yeye alikuwa amefika ghorofa ya pili.

Siku mbili hakupokea simu. Siku ya tatu akapokea.

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Hujanikosea. Endelea kuchora nyumba yako."

"Nyumba ipi?"

"Ile ya kiti kimoja."

Mpima akaanza: "Aa. Hapo kuna utaratibu wa kazi—"

"Utaratibu wa kazi," alirudia Mkunga, akakata.

Alingoja apigiwe tena. Mpima hakupiga. Alikuwa mtu wa kupewa ruhusa, na hakuwa amepewa.

Wakati huo matroni wa hospitali yake ya zamani alikuwa akimsubiri. Walitaka arudi kuwafundisha wakunga wapya, mkataba wa miaka mitatu, jibu kabla ya Ijumaa jioni. Miaka mitatu, na goti hili. Akitoka hapo atakuwa na sitini na nne, na masanduku yatakuwa yamekula vumbi juu ya kabati. Lakini atakwenda wapi peke yake? Alhamisi asubuhi alikata shauri. Kesho atamwambia matroni ndiyo.

Ila kulikuwa na mtu mmoja wa kumuaga. Mkunga hakuwahi kutoka zamu bila kupita kitanda hadi kitanda, na yule mtu wa Milimani alikuwa amewapa muda wake. Tena, kama ni kusema kweli, alitaka kujua tu kama huko mvua imekatika. Akapiga.

Mvua ilikuwa imekatika. Mwenye duka alimtambua kwa sauti, akafurahi, kisha akacheka.

"Mama, nyinyi watu wa huko mna mambo. Yule mzee wako amenitesa."

Mkunga akauliza mzee gani.

"Hupiga kila Jumanne. Kwanza aliuliza kama ninavyo vidonge vya presha, akanisomea jina herufi kwa herufi. Ninavyo. Halafu akauliza dukani kuna ngazi ngapi. Nikamwambia chache. Akasema chache si hesabu. Nikaacha wateja watatu, nikatoka nje kuhesabu."

"Zikawa ngapi?"

"Tisa. Nikamsikia anaandika. Kisha akasema, kuna mtu ambaye goti lake la kushoto haliwezi tisa. Nikamwambia mlango wa nyuma hauna ngazi hata moja. Akanituma nikaupime upana."

Mkunga hakukumbuka alivyoaga. Alibaki amekaa, akiiona tena ile karatasi: kitanda, meza, kiti. Na kishikio kando ya vidato vya mlangoni, kimechorwa kushoto. Mpima alipanda ghorofa nne bila kuhema. Hakuwa na haja ya kishikio, kushoto wala kulia.

Ijumaa alasiri alivaa lile gauni la samawati, akaenda. Binti alifungua mlango, akamtazama kwa muda, akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hayupo ndani, mama. Yuko juu kwenye paa tangu asubuhi, anachora sakafu. Majirani wameniuliza kwa nini simpeleki hospitali. Nikawaambia hospitali yenyewe imekasirika."

Mkunga alipanda vidato vilivyobaki. Paa la jengo lilikuwa bapa, watu huanika nguo huko, na mashuka yalikuwa yakipepea kwenye kamba. Katikati yake Mpima alikuwa ameinama, mikono ya shati imekunjwa, futikamba mkono mmoja na chaki mkono mwingine, suruali nyeupe magotini kwa vumbi. Mistari ilizunguka sakafu yote. Mkunga akapiga hatua kumfuata.

"Unakanyaga ukuta," alisema Mpima bila kugeuka.

Mkunga akarudi nyuma, akatafuta mlango, akaingia kwa mlango. Ilikuwa ile nyumba, si kwa kipimo cha karatasi, bali kwa ukubwa wake halisi. Jiko hapa, chumba pale. Kiti cha chaki kimoja.

"Nimezungumza na mtu wa Milimani," alisema.

Mpima alisimama. Masikio yake yakabadilika rangi. "Nilimwambia asiseme."

"Kwa nini hukuniambia wewe?"

Mpima aliifuta chaki mikononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alisema kazini kwao kuna sheria moja, na hajawahi kuivunja tangu siku ya kwanza. Alama inayomhusu mtu wa pili haichorwi hadi mtu huyo aje mwenyewe, asimame mahali penyewe, aseme hapa. Ukimchorea naye hayupo, hata ukimpa kikubwa, umemnyang'anya.

"Kishikio ni mali ya nyumba, nikakichora. Kiti ni chako. Niliogopa nikikichora utaona nimekwisha kukuhamisha bila kukuuliza."

Mkunga alitazama mashuka yakipepea. "Kwetu sisi," alisema, "ukiandaa kwa mtu mmoja, maana yake mmoja hatarudi nyumbani."

Mpima akakitazama kile kiti kimoja cha chaki, kisha akamgeukia.

"Basi simama," alisema hatimaye kwa sauti ya chini. "Popote unapotaka."

Mkunga alizunguka sebule. Alijaribu karibu na jiko, akakataa. Alijaribu karibu na mlango, akasema hapo atapigwa na upepo. Akauliza jua la Milimani linazama upande gani, na Mpima akaonyesha, maana alikuwa ameuliza. Mkunga akaenda pale, kando kabisa ya kiti cha kwanza, akageukia jua.

"Hapa."

Mpima alipiga magoti, akachora kiti kuzunguka raba zake nyeupe, miguu minne na egemeo, bila haraka. Alipomaliza hakuinuka.

"Kwa vile niko chini tayari, na kuinuka ni kazi, nitasema hapa hapa," alisema. "Fomu ya kibali cha kuishi huko ina mstari wa mke. Nimeuacha wazi kwa utaratibu ule ule. Nataka kukuoa, bibie, ukikubali."

"Hata ndevu leo hujanyoa."

"Sijanyoa tangu Jumapili ile."

"Nina masanduku mawili ndani kwangu," alisema Mkunga. "Kubwa ni langu."

Alimshika mkono amwinue, na simu yake ikaita. Alikuwa matroni, akitaka jibu, jioni imekaribia. Mkunga aliomba radhi kwa upole, akasema amefikiri sana, asimuwekee nafasi. Matroni akasikia upepo na mashuka, akauliza yuko wapi.

"Niko nyumbani," alisema Mkunga.

Akaweka simu mkobani na kugeuka kwenda kumwita binti aje aone. Alikuwa na haraka, furaha imemjaa, akaelekea ngazini moja kwa moja.

"Mke wangu," Mpima aliita nyuma yake, "mlango uko huku."