Mchungaji wa Gari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bernadina alikuwa na kazi tatu: kufungulia kuku, kuchota maji na kumwogesha gari. Ndiyo, kumwogesha. Nyumbani kwao Rhotia hawakusema "kuliosha", maana gari lile lilinunuliwa kwa maksai wawili, na kitu kikishakula maksai wawili si kitu tena, ni mtu.

Lilikuwa gari la dizeli, la mtumba kutoka ng'ambo, lenye viti vitatu vya nyuma vilivyochoka kabla ya wenyewe kuvikalia. Kwenye kioo cha nyuma ilibandikwa picha ya jani la kijani, alama ya gari lisilochafua hewa. Baba yake, Mzee Piusi, alilinunua mwaka uliopita mjini Moshi. Muuzaji aligonga jani lile kwa kidole akasema, "Mzee, hili halina moshi kabisa. Kiwandani kwenyewe lilipimwa likafaulu."

Basi gari likatoka Moshi bila moshi. Lakini lilipopanda kilima cha Rhotia likiwa na watu na magunia ya maharage, waliokaa nyuma walikohoa mpaka wakashuka wakiwa na macho mekundu. Kila asubuhi kitambaa cha Bernadina kiliondoka nyuma ya gari kikiwa cheusi kama sufuria ya kuni. Angela, aliyekaa naye dawati moja, hakumwacha apumue.

"Gari la Moshi limefika!" alipiga kelele akimwona. "Abiria wote wa treni, pandeni!"

"Afadhali sisi tuna treni," Bernadina alimjibu. "Ninyi mna punda, naye anagoma."

Walicheka wote wawili, kwa kuwa punda wa kwa kina Angela aligoma kweli.

Baba hakununua gari kwa ajili ya magunia. Juu kabisa, ukingoni mwa kreta, kulikuwa na loji ya watalii iliyotafuta gari la kubeba wafanyakazi wake asubuhi na jioni. Kazi ile ingemrudishia maksai wake, na mwaka mwingine, nani ajuaye, na ndama juu. Ila loji ilikuwa na sharti: kila gari lipimwe moshi kwa fundi Zuleha wa Karatu mjini.

Jumamosi moja Baba alimchukua Bernadina wakaenda. Zuleha alikuwa dada mwembamba, ushungi kichwani na ovaroli mwilini, mikono imejaa grisi. Baba alimtazama kwanza, akatazama tena nyuma yake kama anayemtafuta fundi mwenyewe.

"Ni mimi huyuhuyu, Mzee wangu," alisema Zuleha. "Shikamoo. Washa gari."

Alitumbukiza mpira wa mashine ya kupimia moshi ndani ya ekzosi. Gari likaungurumishwa pale lilipo, likanguruma kistaarabu kama mgeni aliyekaribishwa chai. Zuleha akasoma namba. "Safi," alisema.

Baba alicheka kicheko ambacho Bernadina alikuwa hajakisikia tangu maksai waondoke.

"Usicheke bado, Mzee. Hii aina ya gari naijua. Twende nalo kilimani."

Alifunga mashine nyuma ya gari kwa mpira wa mizigo, wakatoka. Kwenye tambarare mashine ilitulia. Walipoanza kupanda kilima cha Rhotia ilianza kulia, na ikalia mpaka juu bila kupumzika. Zuleha aliegesha pembeni, akawaonyesha namba. Ilikuwa imezidi kiwango zaidi ya mara kumi.

"Lakini sasa hivi lilikuwa safi!" Baba alisema.

"Lilijua linapimwa," Zuleha alijibu.

Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuwa jembe lake linasoma gazeti.

"Ndani kuna kompyuta," Zuleha alieleza taratibu. "Waliolitengeneza waliifundisha hivi: ukiona gari linaungurumishwa na usukani haugeuki, ujue upo kwenye kipimo. Jisafishe. Ukishaingia barabarani, endelea na uchafu wako. Na uchafu wenyewe zaidi hauonekani kwa macho, Mzee. Unaingia kifuani."

"Kama sisi mkaguzi akija shuleni," Bernadina alisema. "Tunavaa soksi. Gari lake likiondoka tunavua."

Zuleha alicheka. "Hasa! Ila soksi zenu haziumizi mapafu ya mtu, labda pua tu. Kiwanda hicho kilikamatwa huko ng'ambo, kikapigwa faini. Wenye magari waliandikiwa barua wayarudishe yatengenezwe. Sasa gari limeshauzwa mara nne mpaka likafika Rhotia. Hiyo barua itamfikia nani?"

"Si utengeneze wewe?" Baba aliuliza.

"Naweza kulibadilishia mafunzo. Lakini nikwambie ukweli: likiwa safi, mlimani litakuwa zito, na litakunywa dizeli zaidi. Zile nguvu ulizozipenda, Mzee, ndizo zilizokuwa uongo wenyewe."

"Niuze maksai wawili, nipate konokono?" Baba alisema. "Asante, mwanangu. Hapana."

Loji haikulikubali, na kwa wiki tatu gari lilikaa uani. Kuku mmoja akaona pale chini pana kivuli, akataga. Mvua za masika zilikuwa zinanusa mlangoni, shamba halijalimwa, na maksai hawapo. Baba na Mama walilima kwa jembe la mkono. Jioni Mama alikaa kwenye kigoda akinyoosha mgongo kidogo kidogo, kama anayefungua mlango uliokwama. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Walikuwa wamechoka mno kugombana.

Siku moja Bernadina aliporudi shuleni, Baba alimwita nyuma ya nyumba.

"Kesho anakuja mnunuzi kutoka Sale. Mwogeshe gari vizuri. Ekzosi ipanguse kwa mafuta ya taa mpaka ing'ae. Akiwapo, wewe ni maji ndani ya mtungi. Umenielewa?"

"Ndiyo, Baba." Bernadina alitazama miguu yake. "Umemwambia habari ya mashine?"

"Mimi nilimwambiwa?" Baba alisema, akasahau hata kusema vizuri. "Niliambiwa na nani? Kila mtu aliliuza akanyamaza. Mimi ndiye nipasuke? Mvua iko njiani, Bernadina. Nataka maksai wangu, basi."

Mnunuzi aliitwa Parmuat. Alifika kesho yake saa kumi alasiri, mtu mrefu mwenye shuka jekundu, koti la suti juu yake na viatu vya matairi. Bernadina alienda kumwamkia akainamisha kichwa, naye akamgusa utosini kwa kiganja. Alikunywa chai bila haraka. Alisema anataka gari la kumpeleka yeyo wake, yaani mama yake mzazi, hospitali kila mwezi. Bibi huyo alikuwa na ugonjwa wa kifua, na kutoka Sale hadi hospitali ni mbali, barabara ni ya milima na vumbi.

Baada ya chai alilizunguka gari mara mbili. Alipiga matairi teke. Alichungulia ekzosi, iling'aa kama kijiko cha harusi.

"Lina moshi?" aliuliza.

"Halina moshi," alisema Baba. Alisema huku akiitazama migomba, na migomba haikuuliza kitu.

Parmuat alitikisa kichwa polepole. "Mzee Piusi, sisi tukinunua ng'ombe hatumwulizi mwenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe anataka kuuza; mdomo wake umeshalipwa. Tunamwuliza mtoto anayemchunga. Yeye ndiye anajua kama anakohoa, kama anatupa mimba. Sasa hili nani analichunga?"

Mama, aliyekuwa anapepeta mahindi, aliacha ungo ukiwa hewani.

"Hili ni gari," Baba alisema. "Haliendi malishoni."

"Lakini kuna mtu analiogesha. Naona vidole vyake vyeusi hapa." Parmuat alimgeukia Bernadina. "Mchungaji, gari lako ni zima?"

Bernadina alitazama vidole vyake. Aliwaona maksai wawili wakirudi nyumbani, mmoja mwenye pembe iliyopinda. Aliuona mgongo wa Mama. Neno moja tu, "zima", lingetosha, na wala hakuna ambaye angemgombeza. Kisha akamwona bibi asiyemjua, amekaa kiti cha nyuma, amejifunga shuka kifuani, gari linapanda mlima.

"Siyo zima," alisema, sauti ikamtoka nyembamba kama uzi. "Likisimama ni safi. Likipanda mlima linachafua, wanaokaa nyuma wanakohoa. Fundi alilipima likashindwa. Bibi atakohoa sana."

Baba hakunyanyua kichwa.

Parmuat alifunga koti lake vifungo vyote viwili. "Mzee Piusi, ng'ombe mgonjwa haponi kwa kuogeshwa," alisema bila hasira. "Ningempakia yeyo wangu humo." Alipofika njiani aligeuka. "Lakini mchungaji wako ni mzima."

Akaondoka na maksai wawili ambao hata hawakuwahi kufika.

Baba aliingia ndani, hakula. Mama alimsogezea Bernadina bakuli la makande, akasema, "Kula, mwanangu. Umesema kweli. Kweli nayo ina uchovu wake." Bernadina alikula akilia, na machozi yakaongeza chumvi ambayo Mama alikuwa ameisahau.

Asubuhi alilikuta gari limeshawashwa. Baba alikuwa kwenye usukani, amevaa shati la kanisani.

"Panda," alisema. "Leo Jumamosi. Tunakwenda kwa yule binti wa ovaroli."

Zuleha alikaa siku mbili na kompyuta yake ndogo, waya zikiingia chini ya usukani kama mtu anayewekewa dripu. Siku ya tatu alifunga mashine nyuma ya gari, wakakipanda tena kilima. Mashine haikulia. Ila gari nalo lilipanda kwa shida. Bodaboda zilipita. Lori la mchanga likapita. Mwisho alipita mama mmoja kwa miguu, ndoo ya ndizi kichwani, akawasalimia kwa heshima zote, akawaacha.

Loji haikumpa Baba njia ya juu kretani, kwa kuwa gari lisingefika kwa wakati. Ilimpa kazi ndogo ya kubeba wafanyakazi wachache kati ya Rhotia na Karatu jioni tu. Jirani yao Martini aliwaazima maksai wake kwa siku nne, na wao wakamkubalia kumpelekea mahindi yake sokoni bure msimu mzima. Shamba likalimwa mvua ya pili ilipoanguka. Si kama walivyopanga, lakini mbegu haiulizi imepandwa kwa mpango gani.

Jioni ya kwanza ya kazi, Bernadina alikaa mbele na Baba. Wafanyakazi nyuma walikuwa wamelala, vinywa wazi, na hakuna aliyekohoa. Gari lilikuwa gia ya kwanza, likijivuta kilimani.

"Baba, bado umenikasirikia?"

Baba alibadilisha mkono kwenye usukani. Aliimaliza kona kwanza.

"Nilikasirika siku ile," alisema. "Ila si wewe niliyekukasirikia. Nilikuwa nawalaani waliotengeneza gari hili. Watu wazima wenye masomo mengi, wanakaa na kulifundisha gari kusema uongo! Nikawatukana sana. Halafu nikakumbuka kwamba mimi, wa darasa la saba, nilikuwa nataka kumfundisha mtoto wangu jambo lilelile." Alipangusa jasho kwa mkono wa shati. "Nami ningekukuta umefaulu mbele ya wageni, na nyumbani unachafua. Ningemlaumu nani isipokuwa mimi mwenyewe?"

Bernadina aligeuka akawatazama waliolala nyuma.

"Ushike hili, binti yangu. Gari likifundishwa uongo, Zuleha anaufuta kwa siku mbili. Mtu akiuzoea, hakuna gereji inayompokea."

Nyuma yao bodaboda ilipiga honi, ikataka njia. Baba akasogea pembeni, akaipisha.

"Waache wapite," alisema. "Na sisi tutafika."