Siku Mama Alipokwenda Kisumu

Kila asubuhi Beldina alifagia ua, akachota maji, akawaosha wadogo zake nyuso kabla ya kwenda shuleni. Alhamisi hiyo mikono ilifanya kazi, lakini moyo haukutulia. Mama yake, Seline, alikuwa akiondoka kwao Ahero kwenda hospitali moja ya Kisumu kufungwa kizazi. Yeye na Baba walikuwa wamekubaliana, kwa sababu alipomzaa mtoto wa saba alivuja damu nyingi, nusura afe.

Jana yake Apiyo, rafiki wa Beldina, alikuwa amemwambia, "Huko wanapasua tumbo lote. Wengine hawarudi."

Ndiyo maana Beldina alikuwa ameificha kadi ya hospitali ndani ya debe la mchele.

"Nani ameona kadi yangu?" Mama aliuliza, akipekua chini ya godoro mara ya tatu. "Nikichelewa, nafasi atapewa mwingine. Nitangoja miezi mingapi tena?"

Beldina alitoka nje, akaingia, akatoka tena. Aliporudi alimkuta Mama ameketi, kichwa mikononi. Hakuweza kuvumilia zaidi. Alichimbua kadi kwenye mchele, akamkabidhi Mama.

"Niliificha mimi, Mama. Sitaki ufe."

"Vaa viatu," Mama alisema, akiitia kadi mfukoni. "Leo shule itangoja. Twende ukasikie mwenyewe."

Hospitalini walipokewa na muuguzi, Sista Nakhungu. Beldina alimweleza maneno ya Apiyo na jinsi alivyoificha kadi.

"Hatupasui tumbo lote," Sista alisema. "Daktari hupitisha chombo chembamba chenye taa kwenye tundu dogo karibu na kitovu, akafunga mirija ya uzazi. Mama yako akiwa salama, leo atalala nyumbani."

Hata hivyo, Mama alipoingizwa chumba cha upasuaji, kila mlango ulipofunguliwa Beldina alisimama, akaketi, akasimama tena. Saa nane Mama alitoka akitembea polepole, mkono tumboni.

"Nina njaa," alisema.

Beldina alimshika mkono, machozi yakimtoka.

"Wiki hii asibebe maji wala kuni," Sista alimwagiza. "Akipata homa au maumivu makali, mrudishe hapa mara moja."

"Nitabeba mimi, Sista."

"Vizuri. Na jambo moja zaidi, binti yangu. Kuogopa si kosa. Lakini ukisikia neno la kukutisha, muulize anayejua. Leo ungenyamaza, hofu yako ingemnyima mama yako matibabu."