Maji Aliyoyamwaga Nguma

Mashine iliwaka mara ya kwanza Nguma alipovuta kamba. Kisha ikakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mashine kuukuu ya boti, alichokijua tangu aanze ufundi pale Mtongwe. Kilikuwa chembamba, cha kifua cha mtoto. Akaizima, lakini mapovu yakaendelea kupanda ndani ya pipa la maji aliloizamishia.

Asubuhi ile alikuwa ameifungua kabureta. Petroli iliyolala ilikuwa imeganda kama gundi, na vitundu vimeziba hata waya haupiti. Akaichemsha kwa maji na ndimu, kama afanyavyo siku zote, ikatoka inang'aa. Maji yale, yangali yanatokota, akayamwaga shimoni nyuma ya jiko.

Hakusema bismillahi. Mwenye boti alikuwa akimhimiza kwa simu, naye akamwaga tu, kama mtu asiyelelewa.

Mkewe Mishi hata maji ya viazi hayamwagi bila kuwaambia majini wa shimoni, "Bismillahi, tupisheni." Nguma humcheka. "Hao wenyeji wako hawana macho?"

"Wana watoto, kama sisi," Mishi humjibu.

Adhuhuri binti yao Salha, wa miaka minne, akaanza kulia. Mgongo mzima ulikuwa umetoka malengelenge ya kuungua, na nywele zake zilinuka petroli na ndimu.

Bi Waridi, mamake Nguma, akamgeukia Mishi. "Umemuunguza mtoto, kisha wajitia kulia?"

"Wallahi mama, leo sijachemsha hata maji ya chai."

"Basi kaungua na jua?"

Nguma alikuwa mlangoni; alikuwa ameimwaga petroli ya mashine na kuing'oa tena kabureta, vipande vyake mkononi. Moyoni alishajua. Akasema, "Mishi, uwe ukimwangalia mtoto," na maneno hayo yakamtoka mepesi mno.

Dawa ya zahanati haikufaa. Kila ilipopakwa, lengelenge jingine lilivimba kando. Baada ya alasiri akaitwa Mwalimu Abdulaziz wa madrasa. Alipoanza kusoma, mashine ile huko uani, isiyo na tone la petroli wala kabureta, ikakohoa kile kikohozi chembamba, na harufu ya ndimu iliyochemka ikaingia chumbani, ikatambaa ukutani, ikawakaa kooni, na Salha aliyekuwa akilia akanyamaza, akaketi, akafumbua kinywa, ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima, aliyelia hadi akachoka.

"Aliyemwaga aseme."

Wote wakamtazama Mishi. Akainama. "Kama ni mimi, naomba radhi. Labda nilisahau. Mtoto wangu apone."

Na Nguma, Mungu amsamehe, kwa pumzi moja alitamani liishie hapo. Akamwacha mkewe aombe radhi ya kosa lisilo lake, hadi lengelenge jipya lilipovimba kwenye koo la Salha, likapanda kuelekea kinywani.

"Ni mimi," alinong'ona. "Nilimwaga maji ya kabureta bila kuwaomba watupishe. Nilijua tangu adhuhuri. Nikamwacha mke wangu abebe."

Bi Waridi akajifunika uso kwa leso.

Malengelenge yakaanza kunywea, moja baada ya jingine. Sauti ikasema, bila hasira, "Wako nimekuachia. Wangu nimpake nini?"

Mwalimu alikuwa ameandaa aya za kumtoa jini. Akafunga msahafu polepole, asizisome. Salha akalala, mgongo laini kama wa jana.

Mishi akachukua dawa iliyobaki, akampita mumewe bila kumtazama, akaenda nyuma ya jiko. Walimsikia akisema, kama mama kwa mama, "Bismillahi. Pole, mwenzangu. Jaribu hii."

Alikawia. Aliporudi, dawa ilikuwa mkononi vile vile.

"Hawaihitaji tena," alimwambia Nguma. "Nimewasikia wanachimba kaburi."