Bahasha ya Mzee Bonaventura

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Scola na wenzake wa klabu ya mazingira walibeba madumu yao hadi bustani ya mji kumwagilia miche ya michikichi. Walikuwa na viriba mia moja na arobaini, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, vimepangwa kando ya ukuta mahali alipowaonyesha Mzee Bonaventura, mtunza bustani. Mbegu ya mchikichi ina ukaidi wake. Hukaa ardhini miezi mingi mpaka mtu akate tamaa. Hizi zilikuwa zimeota, na mvua zikianza kila mtoto angepeleka mche kwao.

Ijumaa moja mzee alimwita Scola, kwa kuwa ndiye asiyechelewa wala kukosa zamu, akampa bahasha kubwa ya kaki.

"Mpe Mwalimu Jovita mkononi. Isikae."

"Sawa, babu."

Siku hiyo Mwalimu Jovita, mlezi wa klabu, alikuwa ameenda Mwandiga kikazi. Jumapili jioni Scola akakumbuka ukaguzi wa madaftari. Asiye na jalada angesimamishwa mbele ya darasa, na kaki nyumbani ilikuwa imekwisha. Akaitazama bahasha. Akaifungua taratibu, akalivika nayo daftari la hisabati, na barua akaichomeka ndani ya jalada bila kuisoma, akijiambia kwamba asubuhi angempa mwalimu.

Asubuhi akaona haya. Barua bila bahasha ingezua maswali. Akasema kesho, na kesho yake akasema kesho tena.

"Ile barua ilifika?" mzee alimuuliza.

"Ilifika, babu."

"Basi mwalimu ataleta watu," akasema mzee, akaendelea kufyeka. Scola hakuuliza watu wa nini.

Alhamisi walikuta lango limefungwa kwa mnyororo. Tangazo lilisema bustani imefungwa hadi Jumapili kwa shughuli maalumu. Shughuli yenyewe ilikuwa harusi ya mtu mwenye uwezo. Kwa siku nne watoto walisimama nje na madumu yao yamejaa maji, wakisikiliza muziki.

Jumatatu lango lilifunguliwa. Hema kubwa lilikuwa limesimikwa palepale ukutani. Viriba vilikuwa vimepasuka, miche imelala imekanyagwa, na mizima ilikuwa kumi na mmoja tu. Winfrida, rafiki yake Scola, aliketi chini akalia.

Mwalimu Jovita alikuja, na msimamizi wa bustani, Bwana Walter, naye akaja.

"Nilikuagiza uwape shule taarifa wahamishe miche," Bwana Walter alimwambia mzee.

"Niliwapa. Barua nilimkabidhi huyu mtoto, akaniambia imefika."

Wote wakamgeukia Scola.

"Alikupa barua?" mwalimu akauliza.

"Hapana," Scola akajibu.

Mzee Bonaventura alimtazama kidogo, akafungua funguo za lango kiunoni, akamkabidhi Bwana Walter. Alisimamishwa kazi siku hiyohiyo, na mtaani Gungu watu wakaanza kusema kwamba mzee mzima anamsingizia mtoto.

Jumamosi mama alimtuma Scola dagaa Kibirizi. Akiwa sokoni alimwona mzee akipandisha gunia kutoka kwenye mtumbwi, shingo imemkakamaa, vijana wakimpita.

"Mwakeye, mwanangu," mzee alimsalimu kwa Kiha, kama alivyozoea. "Umekuja kununua?"

Scola alitamani mzee amtukane. Alirudi bila dagaa, akalichukua daftari la hisabati, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu Jovita. Hapo mlangoni akalivua jalada, na barua ikaanguka.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama. Kisha akamshika mkono, wakaenda kwa Bwana Walter, na huko Scola akasema yote kwa kinywa chake. Jumatatu akayarudia mbele ya shule nzima.

Mzee alirudishiwa funguo zake. Scola alipomwomba msamaha, alisema, "Nimekusamehe," akaendelea kufyeka.

Klabu ilianza upya na mbegu nyingine. Wiki chache baadaye mzee alileta bahasha mpya, kwani bustani ingefungwa tena kwa sherehe. Scola, aliyekuwa karibu zaidi, alinyoosha mkono. Mzee alimpita, akampa Erasto, mvulana aliyekuwa akichelewa kila siku.

Machozi yakamlenga Scola. "Alisema amenisamehe," alimwambia mwalimu.

"Na amekusamehe kweli," Mwalimu Jovita akajibu. "Lakini kuaminiwa ni kitu kingine. Kufungua bahasha lilikuwa kosa dogo, ungelisema siku ileile lingekwisha. Uliposema uongo, mtu mzima aliitwa mwongo mbele za watu, na miche haikurudi. Sasa utangoja, kama unavyoingoja hiyo mbegu. Ukiifukua kila siku kuitazama, haioti."

Scola alijifuta uso. Akainua dumu lake, akamwagilia viriba vyote hadi cha mwisho, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeanza kuchipua.